Ziwa Linapanda kwa Kasi Gani?

Mhadhara kwa wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi, Kasenga, Uvira



Kila msimu wa mvua unapokolea, swali linalozunguka Uvira nzima ni moja: maji yamefika wapi? Mtu anatoka kando ya ziwa, anajibu kwamba yamefika kwenye mwembe, yamegusa kizingiti cha fulani, yamemeza choo cha jirani. Ni swali la haki. Lakini mama anayetaka kujua kama ahamishe watoto leo au wiki ijayo, jibu hilo halimfikishi mbali. Anachohitaji ni kujua maji yanakuja kwa kasi gani, na kama kasi yenyewe inazidi au inapungua. La kwanza ni derivativu. La pili ni derivativu ya pili. Ni hesabu zile zile ambazo vijana hawa wanaziandika darasani kwa Kifaransa, wanazikariri kwa ajili ya mtihani wa taifa, kisha wanazisahau. Mimi naamini hakuna mji katika nchi hii unaozihitaji kuliko huu wetu, uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa.

Tuanze na ziwa lenyewe. Tanganyika lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 32,900, na kina chake kinafika mita 1,470. Maji yanaingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa, kwa Rusizi inayoshuka kutoka Ziwa Kivu, kwa Malagarasi upande wa Tanzania, na kwa mito mingine mingi, ikiwemo hii yetu mifupi inayoporomoka kutoka milimani: Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira. Yanatoka kwa njia mbili tu. Jua na upepo huyageuza mvuke, na mto Lukuga huyachukua pale Kalemie kuyapeleka Lualaba. Katika hizo mbili, mvuke ndio mkubwa: zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ya maji yanayoliacha ziwa huenda angani.

Kwa hiyo mlinganyo wa ziwa unaandikwa kwa mstari mmoja: kasi ya kupanda ni maji yanayoingia, toa maji yanayotoka, gawanya kwa eneo la ziwa. Msiudharau kwa ufupi wake. Tuuweke namba. Sentimita moja juu ya kilomita za mraba 32,900 ni mita za ujazo milioni 329. Ili ziwa lipande sentimita moja kwa siku, maji yanayoingia lazima yazidi yanayotoka kwa mita za ujazo zipatazo 3,800 kila sekunde, usiku na mchana, siku nzima. Ndiyo maana ziwa halipandi kwa usiku mmoja kama mto. Akija mtu na habari kwamba ziwa limepanda mita nzima tangu jana, hesabu hii inamjibu: alichokiona ni mawimbi, au ni mto uliofurika karibu na ziwa. Na kwa kuwa ziwa ni moja, kinachopanda Uvira kinapanda pia Bujumbura, Kigoma, Kalemie na Mpulungu.

Sasa tuangalie alama ya kasi, chanya au hasi, kwa sababu katika historia ya sayansi alama hiyo iliwahi kuwaleta watu hapa hapa. Aprili 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walikuja Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walitaka kujua jambo moja: Rusizi inaingia ziwani au inatoka? Kama ingekuwa inatoka, huenda ingekuwa ndiyo mwanzo wa Nile. Wenyeji wa hapa waliwaambia wazi kwamba inaingia. Hata hivyo mabishano yaliendelea huko Ulaya zaidi ya miaka kumi, hadi Novemba 1871, wapelelezi Livingstone na Stanley walipofika wenyewe kwenye mdomo wa mto na kuona maji yakiingia. Kwenye mlinganyo wetu, ugomvi wote ule ulihusu alama moja mbele ya neno Rusizi: kujumlisha au kutoa. Wenyeji wa Uvira walikuwa na jibu sahihi tangu mwanzo, kwa sababu walikuwa wanauona mto huo kila siku.

Lukuga nao una kisa chake, na hicho nakipenda zaidi kwa sababu kinafundisha jinsi kasi inavyoweza kutegemea kimo. Mpelelezi Cameron alipofika pale mwaka 1874 alisema huu ndio mlango wa ziwa. Stanley alipopita mwaka 1876 alikuta mafunjo na tope, maji hayaendi popote kwa nguvu. Wote wawili walisema kweli. Mlango ulikuwa umezibwa na mimea na udongo, na ziwa, likiwa halina pa kutokea, lilikuwa linapanda mwaka baada ya mwaka. Karibu na mwaka 1878 maji yalivuka kizuizi hicho na kukibomoa. Mwaka 1879 Edward Hore wa misheni ya London, na baada yake Joseph Thomson, walikuta Lukuga ni mto wa kweli unaokwenda kasi kuelekea magharibi. Kufikia katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 10.

Vijana, chukueni kalamu. Mita 10 kwa miaka 16 hivi ni wastani wa sentimita 62 kwa mwaka. Je, ndivyo ziwa lilivyoshuka, sentimita 62 kila mwaka bila kubadilika? Hapana. Mwanzoni maji yalikuwa juu sana ya sakafu ya mlango, yakatoka kwa nguvu. Kadiri ziwa lilivyoshuka, kina cha maji mlangoni kilipungua, na kasi ya kutoka ikapungua pamoja nacho. Miaka ya kwanza ililibeba ziwa chini haraka, ya mwisho polepole. Mnaposoma darasani kwamba derivativu ya kitu fulani inalingana na kitu chenyewe kwa alama ya kutoa, na kwamba jibu lake ni ule mkunjo unaoshuka kwa kishindo kisha unalala, mkumbuke Lukuga. Mkunjo huo uliwahi kuchorwa na ziwa zima, na watu wa Ujiji walikuwa wanauona ufuko ukizidi kupanuka mbele ya nyumba zao.

Wastani, basi, ni habari ya kipindi kizima. Derivativu ni habari ya sasa hivi. Ndiyo tofauti ambayo Newton na Leibniz waliifanyia kazi katika karne ya 17: unachukua mabadiliko ya mwaka, kisha ya mwezi, kisha ya wiki, kisha ya siku, unazidi kukibana kipindi, na unatazama namba inakaribia wapi. Kwenye karatasi unaweza kukibana bila mwisho. Ufukweni huwezi. Ukipima kila dakika, utapima mawimbi. Upepo wa kiangazi unaovuma kutoka kusini nao huyasukuma maji kuelekea upande mmoja wa ziwa, kisha yanarudi. Anayetaka kasi ya kweli ya ziwa apime mara moja kwa siku, saa ile ile, alfajiri kabla ya upepo kuamka, kisha alinganishe wiki na wiki. Sanaa ya kupima iko katika kuchagua kipindi: kisiwe kirefu hata kikaficha badiliko, wala kifupi hata kikadanganywa na wimbi.

Nimefika mahali ninapotaka kukaa kidogo, yaani ufukwe wenyewe.

Watu wengi hawasumbuliwi na ziwa kupanda wima. Wanasumbuliwa na maji kuja kwa ulalo, yakitembea kuelekea mlangoni. Kasi hizo mbili hazifanani, na kinachoziunganisha ni mteremko wa ardhi. Tuseme kiwanja chako kinapanda sentimita moja kwa kila mita unayotembea kutoka majini. Ziwa likipanda sentimita moja kwa siku, maji yatasogea mita moja kwa siku. Nyumba iliyo mita 20 kutoka ukingoni ina siku 20. Sasa tuseme kiwanja cha jirani kinapanda sentimita 10 kwa kila mita. Ziwa ni lile lile, siku ni ile ile, lakini kwake maji yanasogea sentimita 10 tu kwa siku, naye, nyumba yake ikiwa mita 20 hizo hizo, ana siku 200, yaani msimu wa mvua utakwisha kabla hayajamfikia. Kasi ya maji kutembea ni kasi ya ziwa kupanda, gawanya kwa mteremko. Darasani mnaiita kanuni ya mnyororo, na mnaifanyia mazoezi ya puto na ngazi zinazoteleza. Fanyeni na kiwanja cha nyumbani.

Hesabu hiyo inaeleza jambo ambalo wengi hulisema kwa kushangaa: kwa nini bonde la Rusizi, huku kwetu kuelekea mpakani na ng'ambo kule Gatumba, Burundi, liliumia sana tangu mwaka 2020, ilhali pwani nyingine za ziwa hilo hilo zilipoteza ukanda mwembamba tu. Bonde ni tambarare. Ukigawanya kwa mteremko ulio karibu na sifuri, unapata namba kubwa ya kutisha. Ziwa linapopanda kidogo tu, maji yanakwenda mbali. Mwezi Mei 2024 ziwa lilikaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho wazee walikiona mara ya mwisho miaka ya 1960. Katikati ya nyakati hizo mbili, kizazi kizima kilizaliwa, kikakua na kujenga kwenye ufuko uliokuwa mkavu. Siwalaumu waliojenga. Walitazama kimo cha maji cha siku ile, na hakuna aliyewaambia kwamba ziwa hili lina kumbukumbu ndefu kuliko ya mtu.

Mteremko unapimwaje? Hauhitaji mashine ya mpima ardhi. Mafundi wetu wa kujenga wanao mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule wanaoutumia kupata nivo ya msingi. Mmoja asimame ukingoni mwa ziwa na ncha moja, mwingine asimame mlangoni na ncha ya pili. Maji ndani ya mpira yatakaa sawa pande zote mbili. Pimeni kutoka kwenye usawa huo hadi ardhini, huku na huku. Tofauti ya vipimo hivyo, mkiigawanya kwa umbali wa kati yenu, ndiyo mteremko. Kama mpira ni mfupi, pimeni kwa vipande na mjumlishe. Vijana wawili na fundi mmoja wanamaliza avenyu nzima kwa asubuhi moja, na kila nyumba inabaki na namba yake.

Sasa derivativu ya pili, ambayo naiona ndiyo yenye manufaa kuliko zote na ndiyo inayofahamika kidogo kuliko zote. Nawapa mfano wa kubuni. Wiki ya kwanza ziwa limepanda sentimita 14, ya pili 10, ya tatu 6. Jumla ni 30. Mtu wa kando ya ziwa anaona maji yako juu kuliko siku zote, hofu inapanda nayo, na pengine anaanza kung'oa mabati na kuyauza kwa bei ya kutupa. Lakini tazameni kasi: inapungua kwa 4 kila wiki. Hali ikiendelea hivyo, wiki ya nne itakuwa 2, ya tano itakuwa toa 2. Maji yako karibu na kilele chake, na yatageuka. Mtu huyo alipaswa kusubiri na kuendelea kupima.

Mfano wa pili: wiki ya kwanza sentimita 2, ya pili 5, ya tatu 9. Jumla ni 16, karibu nusu ya ile ya kwanza. Mtaani hakuna anayezungumza, maana maji bado yako chini. Lakini hapa ndipo pa kuanza kufunga mizigo, kwa sababu kasi inazidi na inazidi kwa hatua zinazokua. Mtaa unaotazama kimo peke yake utaogopa katika mfano wa kwanza na kulala usingizi katika wa pili, yaani utakosea mara zote mbili. Ni kweli mvua haijafungwa kamba na mlinganyo wetu, inaweza kubadilika wiki ijayo, na ndiyo maana kipimo hakikomi. Lakini kukisia ukiwa na namba mkononi ni bora mara nyingi kuliko kukisia kwa hofu.

Kuhusu mto sitasema mengi, kwa kuwa kila mmoja hapa anaikumbuka alfajiri ile. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 Mulongwe ulifurika. Makumi ya watu walifariki, maelfu ya nyumba zilibomoka, makumi ya maelfu ya ndugu zetu walibaki bila makao. Kwa mto wa namna hii, unaoanguka kutoka milimani na kufika ziwani kwa mwendo mfupi, kipimo cha mara moja kwa siku ni upofu. Mto unaweza kupanda mita mbili saa saba za usiku na kurudi chini kabla ya adhuhuri. Aliyepima jana asubuhi na akapima kesho yake asubuhi atapata mabadiliko karibu sifuri, katika usiku ulioua watu. Mto unadai kipimo cha kila dakika kumi mvua inaponyesha juu, na unadai mtu aliye juu mlimani mwenye simu, kwa sababu kasi ya maji yaliyoko kule ndiyo habari ya maji yatakayokuwa huku baada ya muda mfupi.

Mafuriko yale yaliharibu pia mfumo wa maji wa shirika la Regideso, ambao huchota kutoka Mulongwe huo huo. Hapo naingia kwenye jambo la mwisho, kipindupindu, kwa sababu kinatuonyesha kwamba derivativu si lazima iwe ya wakati. Unaweza kuuliza: kitu kimoja kinabadilika kiasi gani kingine kikibadilika? Uvira imewahi kujibu swali hilo mbele ya dunia. Mwaka 2015 jarida la PLOS Medicine lilichapisha utafiti wa Aurélie Jeandron na wenzake, uliolinganisha maji yaliyozalishwa na mtambo wa mji huu kila siku na idadi ya wagonjwa walioingia kituo cha matibabu ya kipindupindu, kwa miaka kadhaa kuanzia 2009. Walikuta kwamba siku moja bila maji ya bomba, ikilinganishwa na siku ambayo mtambo unafanya kazi vizuri, ilifuatwa na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zilizofuata. Karibu robo ya wagonjwa wote waliweza kuhusishwa na kukatika kwa maji. Katika mitaa inayotumia zaidi maji ya bomba, athari ilionekana kubwa zaidi.

Mama anayebeba bidoni kwenda ziwani robine inapokauka amekuwa akilisema hilo kwa miaka mingi. Utafiti ulimpa namba, na namba inaweza kuwekwa mezani mbele ya mkurugenzi, waziri au mfadhili, naye hawezi kuijibu kwa pole tu. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kusema kwamba wagonjwa wameongezeka kwa sababu watu hawanawi mikono. Sasa inajulikana kwamba kila siku ya mtambo kusimama ina bei yake, inalipwa hospitalini, na bei hiyo inaweza kuhesabiwa kabla ya kulipwa. Na mnaposikia redioni jumla ya wagonjwa tangu mwaka uanze, kumbukeni kwamba jumla haishuki kamwe. Ulizeni wapya wa wiki hii ni wangapi, na wiki iliyopita walikuwa wangapi. Hapo ndipo mtajua kama ugonjwa unakuja au unaondoka.

Mwalimu mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: haya yote si kazi ya wataalamu? Wataalamu tunao. Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia kiko hapa hapa Uvira, na kina watu wanaolijua ziwa hili vizuri. Lakini kituo hakiwezi kuweka jicho kwenye kila kiwanja. Mteremko wa avenyu yako, siku ambayo maji yaliukaribia msingi wa shule yako, saa ambayo mfereji wa mtaa wako ulizidiwa: hayo yanaonwa na anayeishi pale, na yasipoandikwa siku ile ile yanapotea. Namba moja haina derivativu. Inahitaji mwenzake wa jana, na wa juzi, na wa mwaka jana. Daftari linaloanzwa siku ya mafuriko limechelewa, maana halina cha kulinganisha.

Kwa hiyo naomba jambo dogo, na naomba kwa dhati. Kila shule ya Kasenga na ya mitaa iliyo kando ya ziwa isimamishe mti wa kupimia: mti mnyoofu wa mita tatu, uliopakwa alama za sentimita, uliozamishwa imara mahali penye maji hata kiangazi, pembeni yake bomba la plastiki lililotobolewa matundu chini ili maji ya ndani yatulie mawimbi yanapopiga. Wanafunzi wapokezane, kila alfajiri mmoja asome na aandike tarehe, kimo, na kama mvua ilinyesha usiku. Jumapili darasa lihesabu kasi ya wiki, na liitoe kasi ya wiki iliyotangulia. Namba hizo mbili ziandikwe kwa chaki mahali ambapo watu hupita, sokoni, kanisani, msikitini, penye robine. Nakala ya daftari ipelekwe kituo cha utafiti kila mwisho wa mwezi.

Mti wa kwanza tutausimamisha Jumamosi hii asubuhi. Mwenye mbao nzuri, rangi ya mafuta au mita ya fundi, aje navyo.